Mnatuuzia Lee-Enfield "zilizokarabatiwa" kumbe ni vanishi tu!

Wakuu, nimechoka. Kila mnada wa bunduki za zamani huku Marekani na Kanada unakuta No. 4 (aina ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza) inang'aa kama kabati la bibi harusi. Ukichungulia mtutu, giza tupu. Mbao zimepigwa msasa mpaka mihuri imefutika, juu yake vanishi. Mbao zile ni za mafuta ya kitani, basi. Muhuri ukishatoka haurudi, na thamani inatoka nao.

Mbao tuziache. Mafundi mnaomulika tochi sekunde mbili na kutangaza "mtutu umekwisha, lete hela ya mwingine", mnapima kwa macho? Safisheni kwanza! Weusi mwingi ni masizi na shaba iliyoganda. Dawa ya amonia, brashi ya nailoni (ya shaba italiwa na dawa, kitambaa kitoke na bluu ya uongo), rudia mpaka bluu ya shaba iliyoyeyuka iishe kwenye kitambaa. Na risasi za zamani zenye fataki (kiwashio cha baruti) za kloreti huacha chumvi. Mafuta hayaiyeyushi chumvi! Maji ya moto kwanza, kausha, ndipo mafuta.

Halafu hesabuni mifereji, ile michirizo ndani ya mtutu inayozungusha risasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Savage (Marekani) na Long Branch (Kanada) vilitoa mitutu ya mifereji miwili badala ya mitano ili kazi iende haraka. Kuna watu wanaing'oa eti imelika. Sasa mtutu unalikaje mifereji mitatu ikabaki miwili imesimama vizuri?

Kupima: toa bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu), hakikisha chemba (mahali pa kukaa risasi) ni tupu, sukuma kidonge cha madini laini ya risasi kutoka mdomoni kwa fimbo ya shaba. Kikienda kwa ugumu uleule halafu ghafla kikateleza, hapo ndipo palipolika. Ila kwenye mifereji mitano, mfereji unatazamana na tuta (sehemu iliyoinuka kati ya mifereji), si na mfereji mwenzake, kwa hiyo ukipima kidonge, maikromita ya kawaida itakudanganya. Hili hakuna muuzaji anayelisema.

Mdomo ukiwa umeliwa upande mmoja na kamba ya kusafishia, fundi anaweza kuutoboa kwa ndani kidogo mpaka afikie mifereji mizima, urefu haupungui. Ulioliwa na joto la kordaiti (baruti ya zamani ya Waingereza) karibu na chemba hautibiki. Hata huo, kabla ya kuutupa, jaribu risasi zenye kitako bapa za inchi 0.312. Zenye kitako chembamba za 0.311 huyumba ndani ya mtutu mpana, na tundu kwenye shabaha linatoka refu kwa sababu risasi imefika kiubavu.

Na bolti ya kuokoteza msituwekee bila geji ya kupima nafasi kati ya bolti na ganda la risasi. Vichwa vyake vina namba 0 hadi 3, vinatofautiana urefu, na ganda likipasuka uso ulio nyuma ya bolti ni wa mnunuzi.

Anayeuza No. 4 humu aweke picha ya mdomo, idadi ya mifereji, kipimo cha kidonge na namba ya kichwa cha bolti. Picha za kitako kinachong'aa kaeni nazo.