Re: RFE ya I-751 na tikiti za tamthilia

MamaMapacha, Maryland:
Ndugu zangu, habari za Jumapili. Jana nimepokea RFE, barua ya kudai ushahidi, ya I-751, ile fomu ya kuondoa masharti kwenye green card ya ndoa. Uhamiaji wanataka ushahidi zaidi kwamba ndoa yetu si ya karatasi. Mkataba wa nyumba tuliwapa, bima tuliwapa, kodi tuliwapa. Mume wangu anafanya kazi usiku, mimi mchana, picha za pamoja ni za kuhesabu. Tukipata nafasi tunakwenda kutazama michezo ya jukwaani, na tikiti zote nimezitunza kwenye kopo la biskuti, kumi na moja. Kuna aliyewahi kupeleka tikiti wakazikubali?

BabuLowell:
Pole binti yangu. I-130 yangu niliambatisha picha za harusi tu, ikapita. Usijisumbue.

MpembaBaridini, Minneapolis:
Mzee, shikamoo, lakini soma swali kwanza. I-130 ni ya kumwombea ndugu au mwenzi kadi, I-751 ni ya kuondoa masharti kwenye kadi ya miaka miwili. Na kama dada alipeleka ndani ya zile siku 90 za mwisho za kadi, I-797, ile risiti ya uhamiaji, inamwongezea kadi miezi 48, asibabaike. Watu wanaharibikiwa kwa majibu ya fomu nyingine. Haya dada, mmetazama nini?

MamaMapacha:
Kilichonigusa kuliko vyote ni Jaja's African Hair Braiding ya Jocelyn Bioh, tuliiona ukumbi wa Arena Stage, Washington, 2024. Saluni ya Harlem, siku moja ya joto, Julai 2019, wasusi kutoka Afrika Magharibi. Mteja mmoja anataka rasta nyembamba kama uzi, basi anakalia kiti tangu asubuhi na msusi wake vidole vinamuuma mpaka jioni. Tulicheka mpaka basi. Jaja mwenyewe, mwenye saluni, siku hiyo anaolewa na Mzungu apate makaratasi. Mwisho sisemi. Mume wangu alinishika mkono mpaka kwenye gari, hakutamka neno. Sasa ushahidi wa namna hiyo unautolea kopi wapi?

BabuLowell:
Fomu nilikosea, yaishe. Lakini mchezo ni Ruined wa Lynn Nottage. Mama Nadi na baa yake Kongo, leo jeshi, kesho waasi, wote anawauzia. Hata Fanta baridi anayo!

MtuWaBukavu, Dayton:
Babu, ile ni ya 2008, tuzo ya Pulitzer ilipata 2009. Si mupya. Mwandishi alifika Uganda akasikiliza wamama wetu waliokimbia, kwa hiyo ninamushukuru. Lakini Bukavu iliangukia waasi wa M23 Februari 2025 na mama yangu iko kule. Mimi nilipe dola kuona vita? Nipeni ya kucheka.

MpembaBaridini:
Pole sana kaka. Mungu amhifadhi mama.

MwalimuMstaafu, Dallas:
Kila siku Broadway, Broadway. Kwani kwetu hawaandiki? Mpwa wangu aliyekuwa kidato cha nne alinitumia tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Sara anaumwa, mabinti wako mjini, kila mmoja na yake, nani atamhudumia? Yona, mumewe aliyezoea chupa, ndiye anayeingia jikoni. Niliisoma zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, katikati ya kumgeuza bibi wa watu kitandani. Wangu yuko Kakamega, anageuzwa na jirani. Nikakifunga kitabu. Mimi nasema tuisome kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Yona nani?

BabuLowell:
Yona mimi. Chupa niliacha 2011 lakini sijasahau.

MpembaBaridini:
Zoom, Jumamosi saa mbili. Na semeni mapema ni saa mbili ya Lowell au ya Dallas, na kama ni ya Kiswahili au ya kwenye simu, maana mara ya mwisho nilikesha peke yangu.

MamaMapacha:
Mimi nipeni Neema, binti wa Sara. Lakini ndugu zangu, na zile tikiti?

BabuLowell:
Tikiti za nini tena binti yangu? Si tumesema ni kwa Zoom, bure.