Je, ardhi ya Jiji la Mexico inaweza kuinuka tena?

Mwalimu wa Jiografia
Ndugu wanajukwaa, ninapofundisha kudidimia kwa ardhi hutumia mfano wa Jiji la Mexico, ambako baadhi ya mitaa hushuka kwa karibu sentimita 50 kwa mwaka. Wanafunzi wameniuliza: ikiwa chanzo ni kuvutwa kwa maji ya chini ya ardhi, kwa nini jiji lisifunge visima, mvua ikaijaza ardhi nayo ikapanda tena? Na je, hili ni janga la asili au la wanadamu?

Mchimba Visima
Mwalimu, haipandi, na sababu ni aina ya udongo. Jiji lile limekaa juu ya sakafu ya Ziwa Texcoco, lililokaushwa hatua kwa hatua baada ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan, uliokuwa hapohapo, mwaka 1521, na chini yake kuna matabaka manene ya mfinyanzi laini uliojaa maji. Mchanga ukipungukiwa na maji hubonyea kidogo tu, na yakirejea hufumuka karibu kama ulivyokuwa. Chembe za mfinyanzi ni bapa, kwa hiyo shinikizo la maji yaliyozitenganisha likipungua, uzito ulio juu huzilaza na kuzibana, na nafasi zilizobanwa hivyo hazifunguki tena. Hata baada ya pampu kuzimwa, ardhi inaweza kuendelea kushuka kwa miaka mingi, kwa sababu maji hutoka katika mfinyanzi polepole mno.

Fundi wa Majitaka
Mvua haikosekani huko, ila lami na zege huizuia kupenya, kisha mifereji huitoa nje ya jiji ili isilete mafuriko. Mfereji Mkuu uliozinduliwa mwaka 1900 ulisafirisha majitaka kwa mteremko wake tu; jiji liliposhuka, mteremko ukapotea, ikabidi pampu ziwekwe ili kuyasukuma. Hilo linanisikitisha kuliko picha za majengo yaliyoinama, kwani ardhi inaposhuka bila kulingana hupasua pia mabomba ya maji safi, na maji yanayovuja hulazimisha mengine yavutwe kutoka kulekule chini.

Kuhusu swali la pili, mfinyanzi umewekwa na maumbile, lakini kasi hii ni kazi ya watu. Tokyo ilidhibiti uvutaji kwa sheria za mwaka 1956 na 1962, na kufikia miaka ya 1970 kushuka kulikuwa kumepungua sana. Hata hivyo mitaa yake ya mashariki imebaki chini ya usawa wa bahari, ikilindwa kwa kuta na pampu.

Mchimba Visima
Waonyeshe pia picha ya Mnara wa Uhuru wa Jiji la Mexico, uliozinduliwa mwaka 1910 na wenye sanamu ya malaika. Mnara wenyewe umesimama juu ya nguzo za kina kirefu, lakini barabara inayouzunguka imeshuka, na ngazi 14 zimelazimika kuongezwa ili watu waufikie.