Maabara ya kumbukumbu au kituo cha ushauri nasaha: nichukue ipi?

Njozi:
Wakuu, salaam. Nasoma saikolojia, shahada ya kwanza. Nimepata nafasi mbili na siwezi kushika zote: usaidizi wa utafiti kwenye maabara ya kumbukumbu, au kujitolea kituo cha ushauri nasaha. Jibu linatakiwa Ijumaa. Ipi itanifaa zaidi huko mbele? Nawasilisha.

Mzee wa Dodoso:
Swali limekuja nusu, mkuu. Uko mwaka wa ngapi? Saa ngapi kwa wiki? Ukimaliza unataka kuendelea na masomo au kazi? Nani atakusimamia? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Kapteni R:
Maabara, wala usiumize kichwa. Ukiomba uzamili utadaiwa barua za wadhamini, mara nyingi 2 au 3, na barua nzito hutoka kwa mtu aliyekuona ukifanya utafiti. Ila kuna maabara ambako mwanafunzi hupanga ratiba ya washiriki na kukusanya fomu za ridhaa mwaka mzima, basi. Kabla hujakubali uliza: nitagusa data? Nitaingia vikao vya maabara? Naweza kutoa swali la tasnifu yangu humo?

Msikilizaji:
Kapteni, si kila mtu anataka kuwa mtafiti. Anayeelekea ushauri nasaha lazima aonekane amewahi kukaa na watu. Njozi, kituo kinachokupa mteja wiki ya kwanza bila mafunzo, kikimbie. Shahada ya kwanza haikupi ruhusa ya kutibu. Kazi yako ni kupokea, kusikiliza, kujaza fomu na kumpeleka mtu kwa mwenye leseni.

Hata fomu ina mitego yake. Chukua PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na kuanzia 10 ndipo kwa kawaida mtu huchunguzwa zaidi. Mgeni anajumlisha, anapata 7, anafunga faili. Kumbe swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, limejibiwa 2. Jumla ndogo haifuti jibu hilo. Msimamizi aitwe kabla mteja hajatoka mlangoni. Kituo kisichokuonyesha utaratibu huo siku ya kwanza hakifai.

Mzee wa Dodoso:
Hilo huwanasa hata wa tasnifu. Wanaweka PHQ-9 kwenye dodoso la mtandaoni lisilo na majina, kamati ya maadili inauliza: akijibu 3 kwenye swali la 9 utampataje? Kimya. Maombi yanarudishwa, muhula unayoyoma. Ama mawasiliano ya msaada yatokee kwa kila mshiriki hata awe amejibu nini, ama tumia PHQ-8, ambayo swali hilo limeondolewa. Na msikusanye data kabla ya kibali. Kibali hakirudi nyuma.

Njozi:
Samahani wakuu. Namaliza mwaka wa pili. Maabara ni saa 10 kwa wiki, atakayenisimamia kila siku ni mwanafunzi wa uzamivu. Kituo ni saa 6, mafunzo wiki mbili kwanza. Zote hazina malipo. Uzamili nautaka, wa nini bado sijajua. Halafu kwa uchambuzi wa takwimu maabara wanatumia programu ya R, mimi nimefundishwa SPSS.

Kapteni R:
Afadhali. R ni ya bure na kila hatua inabaki kwenye skripti, yaani faili la amri ulizoandika. Kipimo cha Rosenberg cha kujithamini kina maswali 10, na 5 yameandikwa kinyume. Kwa majibu ya 1 hadi 4, hayo 5 unayageuza kwa kuchukua 5 kutoa jibu. Ukisahau, alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha maswali yanavyokubaliana, inaporomoka, pengine inakuwa hasi kabisa, na watu wanaanza kulaumu washiriki. Kwenye skripti utaona ni mstari upi umekosekana. Aliyebofya menyu za SPSS mwezi uliopita anakumbuka alibofya nini?

Mama Takwimu:
Umeanza. SPSS nayo inaandika: bonyeza Paste badala ya OK, amri zote zinabaki. Kosa baya zaidi ni kugeuza majibu ndani ya safu ileile. Ukiendesha amri mara mbili, yanarudi yalivyokuwa na hakuna anayekuonya. Tengeneza safu mpya. Asiyetaka ugomvi wenu atumie JASP au jamovi, programu nyingine za takwimu, bure zote.

Kapteni R:
Jamovi imejengwa juu ya R, mama. Kwa hiyo tumekubaliana.

Msikilizaji:
Jamani, mwenzenu ana Ijumaa. Njozi, barua itasainiwa na nani? Profesa asiyekujua sura ataandika mistari minne ya adabu. Omba mapema uwasilishe kitu mbele yake.

Mchambuzi:
Mmesahau ajira. Kwenye rasilimali watu au utafiti wa watumiaji wa programu, utaulizwa una nini cha kuonyesha: dodoso uliloandika, ripoti ya kurasa 2. Faili za wateja wa kituo huwezi kuzitoa nje hata kwa bahati mbaya. Data za wazi zipo OSF, hifadhi ya mtandaoni ya watafiti. Pakua, rudia uchambuzi, andika. Hilo halihitaji nafasi ya mtu.

Mzee wa Dodoso:
Lakini washiriki je? Kulinganisha makundi mawili, tofauti ya ukubwa wa kati (d = 0.5), kiwango cha kosa 0.05 pande mbili, nguvu (nafasi ya kuiona tofauti ikiwepo) asilimia 80, G*Power, programu ya kukokotoa idadi ya washiriki, inakwambia 64 kila kundi. Tofauti ndogo ya 0.2 inataka 394 kila kundi. Peke yako utawatoa wapi? Maabara tayari inao.

Njozi:
Nimemwandikia profesa kuhusu barua na data. Kituo nimewauliza kama nafasi inaweza kusubiri muhula ujao. Bado kimya pande zote. Mama Takwimu, hiyo Paste iko wapi?

Mama Takwimu:
Kwenye kidirisha cha uchambuzi, jirani na OK.

Kapteni R:
Ukienda maabara hutaihitaji.