Anaangusha kijiko makusudi, nimkataze?

Mama Mapacha: Jamani, wanangu wana miezi 10. Wa kwanza anaangusha kijiko, anachungulia kilikoangukia, ananitazama, nikimpa anaangusha tena. Mgongo unaniuma! Nimkataze?

Baba Watatu: Usimkataze, dada. Anapima kama kila kitu huenda chini. Mpe na kitambaa chepesi, kitashuka polepole. Wangu alikifuata kwa macho, mdomo wazi.

Bibi Mlezi: Kijiko kifiche chini ya leso, mwanangu. Akifunua, ameshajua kuwa kisichoonekana bado kipo. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyachunguza haya kwa watoto wake mwenyewe.

Baba Watatu: Beseni la maji nalo: kifuniko kinaelea, kijiko kinazama. Ila usibanduke hapo hata kidogo, sentimita 5 tu zinatosha kumzamisha mtoto.

Mama Mapacha: Nimejaribu kitambaa sasa hivi. Wa pili kaacha kulia, naye anakitaka!