Kivimbe kinachouma titi la kushoto: tusubiri hedhi ipite au twende hospitali sasa?

NekaWaTabata:
Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu ana miaka 32, tunakaa Tabata, Dar es Salaam. Ameshika kivimbe titi la kushoto, upande wa nje kuelekea kwapani, kama sentimita 2. Akikibonyeza kinauma, na hedhi ikikaribia kinauma hata asipokigusa. Hanyonyeshi, hana homa. Anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Duka la dawa wamempa Ampiclox (antibiotiki). Jirani anasema kinachouma si saratani, atulie tu. Ni kweli? Na tukienda, tuanzie wapi?

Muuguzi_Zamu:
Pole dada, mpe pole na mgonjwa.

Hilo la jirani ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu huwachelewesha wanawake wengi. Titi kuuma tu, bila uvimbe wowote, mara chache sana huwa saratani. Mdogo wako ana uvimbe. Uvimbe unapimwa, uume usiume, kwa sababu zipo saratani zinazouma.

Kwa umri wake mara nyingi huwa ni mfuko wa maji ndani ya titi, ambao hujaa na kuuma kabla ya hedhi, au fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani unaoteleza chini ya kidole. Sindano inaweza kuleta maumivu ya matiti, ila msiitumie kuelezea uvimbe usioondoka.

Ajikague siku ya 7 hadi ya 10 tangu damu ianze, titi likiwa laini. Kama sindano imevuruga hedhi, achague tarehe moja kila mwezi. Alale chali, mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, atumie bapa la vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia, azungushe duara ndogondogo titi zima, kwapani, mpaka kwenye mtulinga. Asikiminye kila siku. Kuminya kwenyewe kunaleta maumivu. Kikiwa bado kipo hedhi ikiisha, aende wiki hiyo hiyo. Asingoje mzunguko wa pili.

Asisubiri hedhi kabisa akiona mojawapo ya haya: uvimbe mgumu usiosogea, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, damu kwenye chuchu, au tezi ngumu kwapani.

Ampiclox aiache. Hapo hapaonekani dalili ya maambukizi. Kwa maumivu, parasetamo 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku, na sidiria inayoshika vizuri hata usiku.

Picha_na_Vipimo:
Naongezea hapo kwa wanaonyonyesha, maana wanasoma pia. Titi jekundu, la moto, na homa: endelea kunyonyesha, onana na daktari upate dawa sahihi. Saa 48 zikipita bila nafuu, ultrasaundi iangalie kama kuna usaha. Na wekundu ambao haujaisha baada ya kumaliza dozi lazima uchunguzwe upya, kwa sababu kuna saratani inayojifanya jipu.

Neka, anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa kwenda hospitali ya Amana. Wa Kinondoni huenda Mwananyamala, wa Temeke wana hospitali yao. Muhimbili na Ocean Road (taasisi ya saratani) zitafuata kama majibu yanahitaji. Chini ya miaka 40 huanza na ultrasaundi, kwani nyama ya titi la kijana imeshikana sana, na kwenye mamogramu (eksirei ya titi) huficha uvimbe. Hahitaji kufunga wala kujaza kibofu. Ripoti itaje upande, umbali kutoka kwenye chuchu, ukubwa kwa milimita na namba ya BIRADS, yaani kipimo cha jinsi uvimbe unavyotiliwa shaka ya saratani. Namba 3 kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi 6. 4 na 5 ni kuchukua kinyama cha uvimbe kwa sindano kikapimwe maabara.

NekaWaTabata:
Asanteni sana. Shangazi anaogopa sindano ya kinyama, anasema uvimbe ukichokozwa unasambaa.

Picha_na_Vipimo:
Mwambieni shangazi kwa heshima kwamba sindano haigeuzi uvimbe kuwa saratani, na kuacha kupima kwa hofu hiyo ndiko kunakoipa saratani muda wa kusambaa. Anapigwa ganzi, vinatolewa vipande vyembamba kadhaa, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kosa ninaloliona la hatari zaidi ni uvimbe kukatwa kwenye zahanati, halafu nyama inatupwa. Hapo hakuna atakayejua ulikuwa nini. Mkikabidhiwa sampuli mpeleke maabara wenyewe, iwe ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama, si maji wala maji ya dripu, kwa sababu humo inaoza. Chupa iandikwe jina, tarehe na upande wa titi. Majibu yakitoka, ombeni nakala na muitunze. Ikiwa ni saratani, kinyama hicho hicho ndicho kitakachopimwa vipokezi vya homoni na HER2 (protini kwenye seli za saratani) kabla ya kuchagua dawa.