Umeleta kipande chako kimeniumbua mbele za watu, halafu eti NIKABANGUE KOROSHO?!

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kikaoni sasa hivi, nimekaa kibarazani kwa muuza vocha hapa Mtwara, mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua. Msijifanye. Yule wa Dar, mwenye laptopu yenye stika nyingi kuliko basi la kusini, anayeanza kila sentensi na "kwa uzoefu wangu". Huyo huyo.

Leo mbele ya viongozi wa chama cha wakulima, wazee wa watu na kofia zao za vito, kaniambia: "Kijana, hii kazi imekushinda, rudi ukabangue korosho." Na anasema hivyo huku ANATAFUNA KOROSHO. Korosho nilizonunua mimi, kwa hela yangu, nikazimwaga kwenye sahani mwenyewe ili kikao kichangamke.

Mfumo wenyewe ni mikrofrontendi, yaani ukurasa mmoja unaounganishwa kwa vipande vilivyoandikwa mbalimbali: kipande cha ghala, kipande cha malipo ya wakulima, kipande cha bei za mnada. Nyumba kubwa, ule ukurasa unaobeba vipande vyote, nimeijenga mimi kwa React 18, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa. Yeye kapewa bei. Nilimwambia mapema, mzee twende wote React, Module Federation, njia ya vipande kushirikiana kodi, ipo kwenye webpack 5 (kile chombo cha kufungasha kodi) tangu 2020, tunatumia nakala moja ya React, tunalala usingizi. Akacheka. "Kwa uzoefu wangu komponenti ni komponenti." Akaandika kwa Vue, mshindani wa React, akaifunga kama elementi maalumu, yaani tagi ya HTML ya kujitungia, juu yake Shadow DOM inayotenga mitindo ya kipande na ya ukurasa, akanitumia saa tano usiku. Kikao saa tatu asubuhi! Maelezo ya matumizi neno moja: "chomeka".

Nikachomeka. Rangi za chama zikagoma kuingia, maana ile Shadow DOM ni ukuta, kadi ikakaa nyeupe kama sanda katikati ya ukurasa wa kijani. Nikasema potelea mbali. Nikajaribu na namba 2000, ikatoka safi. Nikalala.

Asubuhi projekta ikawaka, data halisi ikaingia. Mwenyekiti kavaa miwani. Ukutani, herufi za ukubwa wa bango la kampeni:

Bei ya kilo leo: [object Object]

Unasikia feni tu. Mzee mmoja wa Tandahimba akauliza kwa upole kabisa: "Hiyo objekti ni dola au shilingi?"

Nikageuka nikijua mwenye kipande atajibu. Akachota korosho kiganja kizima, akatafuna, akameza, ndipo akasema nikabangue. Sahani YANGU wakuu! Hata chumvi ya chini hakuacha.

Na kubangua siyo kazi ya kudharau. Bibi yangu kabangua mpaka mafuta ya maganda yakamla vidole. Huyo wa stika apewe dakika kumi tu, ataita mama.

Nimfanyeje huyu mtu?

MwanaMikindani: Dola au shilingi! Nimecheka nimemwamsha mtoto. Mwenye mtoto kanuna.

Kipanga_wa_Kodi: Pole mkuu, ila kosa ni lako. React kabla ya toleo la 19 ikikutana na elementi maalumu, propu, yaani data unayoipa, inaigeuza atributi ya tagi, na atributi ni maandishi tu. Namba 2000 ikiwa maandishi bado inasomeka, ndiyo maana usiku ilikudanganya. Objekti, yaani kifurushi cha data, ikiwa maandishi inakuwa huo uchafu mliouona ukutani. Ungeshika ref (kishikio cha elementi yenyewe), ukaipachika bei kama propati, ambayo hubeba objekti ilivyo, ndani ya useEffect, kodi inayokimbia baada ya ukurasa kuchorwa. Mistari mitatu. Au upande React 19, ipo tangu Desemba 2024, wameshalitibu hilo.

Mleta uzi: Mkuu hujasoma. ALIKUWA ANATAFUNA KOROSHO ZANGU.

Babu_Nanga: Kumbe React yako ndiyo imeharibu, Vue ya watu haina hatia. Kijana, kikaango kiko wapi?

Kipanga_wa_Kodi: Hahaha. Na hizo rangi angezipokea kwa vigeu vya CSS (majina ya kutunzia rangi na mitindo), vile vinavuka ukuta wa Shadow DOM. Mlikaa lini kukubaliana?

Mleta uzi: Tukae na nani, mtu anajibu "chomeka"?

Binti_Ruangwa: Nyie mna afadhali. Mimi huku Lindi niliunganisha vipande viwili vya Angular, fremuweki nyingine, kila kimoja kimekuja na zone.js yake, maktaba inayoiambia Angular lini isasishe ukurasa. Ile kitu inashika kazi za kusubiri, setTimeout na Promise, za ukurasa mzima, ya pili ikifika inapiga kelele kwamba zone imeshapakiwa. Siku tatu sijaoga. Na mteja hajanilipa tangu mwaka jana, kila nikimpigia yuko msibani. Ukoo wake sasa ni lazima uwe umeisha.

Mtoto_wa_Shangani: Lindi nako kuna madivelopa? Nilijua kuna nazi na usingizi.

Binti_Ruangwa: Nyie gesi inatoka kwenu na umeme unakatika kwenu. Nyamaza.

Fundi_Mashaka: Swali dogo. Kwenye hiyo kazi mpo wangapi?

Mleta uzi: Wawili.

Fundi_Mashaka: Watu wawili, vipande vitatu, fremuweki mbili. Huo siyo mfumo, huo ni mirathi. Mngeandika ukurasa mmoja mkaenda kula.

Abiria_wa_Kusini: Mnalia na objekti. Mimi Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga nililala ndani ya basi, pembeni yangu kuku wawili wa mama mmoja. Kuku mmoja alinidonoa sikio. Nani alinifungulia uzi?

Binti_Ruangwa: Basi gani hilo? Kuna moja nalidai begi.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kachota kiganja KIZIMA.

Babu_Nanga: Zilikuwa za kuchoma au za kukaanga?

Mleta uzi: Za kukaanga na chumvi.

Babu_Nanga: Basi nawe ulitaka aache nini.

Mtoto_wa_Shangani: Za kuchoma ndiyo korosho. Za kukaanga ni za wageni.

MwanaMikindani: Acha uongo, za kuchoma zinababua mdomo ukikutana na mchomaji mvivu.

Fundi_Mashaka: Mimi nipo Mbagala. Nani ananipakilia kilo mbili kwenye basi la kesho? Za kuchoma.

Mleta uzi: Njoo PM.