Eti "siwezi kumwagilia mti wa jirani"! Mtu mwenyewe ana miezi minane kazini

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, vidole bado vinatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe.

Mnamjua yule bwana wa utumishi. Kila ofisi inaye. Nimenyoosha mkono kiungwana, nimeomba kozi ya wiki mbili. Wiki mbili! Akanitazama kama nimemwomba figo, kisha mbele ya idara nzima: "Siku hizi hamkai. Nikikusomesha utaondoka. Siwezi kumwagilia mti wa jirani." Watu wakacheka. Hata projekta ilicheka, naapa.

Mti wa jirani! Mimi nina miaka sita pale, mizizi yangu imeshafika chini ya lifti. Yeye ana miezi minane, kadi yake ya mlangoni haijatolewa hata nailoni.

Nimekabidhiwa wageni wanne niwafundishe kazi, bila nyongeza, bila ahsante. Hakuna kilichoandikwa popote, yote yamo kichwani mwangu, kwa hiyo kila akija mpya naanza mwanzo kama kaseti. Mtu akishaijua kazi, anaaga. Halafu tangazo la kumtafuta mwingine linadai "awe amekaa kwa mwajiri mmoja miaka mitano". Yaani mti uliomwagiliwa na jirani anautaka!

Na alivyotabasamu wakati anasema. Mti wa jirani. Leo silali.

Kobe_Mstaafu: Umefundisha wanne, wote wameondoka, wewe upo. Mkuu, umewahi kufikiri kwamba wanakukimbia wewe?

Bi_Mkali: 😂😂 Mti wenyewe mbuyu, nani atauhamisha.

Mleta uzi: Chekeni tu. Mngeona lile tabasamu.

Msomi_wa_Usiku: Tuweke hisia pembeni. Mwaka 1913 Henry Ford, yule wa viwanda vya magari, aliajiri zaidi ya watu 52,000 ili abaki na 14,000 hivi kiwandani, maana watu walikuwa hawakai. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, watu wakatulia. Na takwimu za serikali ya Marekani za Januari 2024 zinaonyesha karibu nusu ya waajiriwa hawajatimiza miaka minne kwa mwajiri walionaye. Kama mtu atakaa miaka miwili, mpe kazi ya miaka miwili, mfundishe mwezi wa kwanza, na aache maandishi kabla hajaaga. Kumnyima kozi ndiyo kumfungulia mlango.

Bi_Mkali: Uzi wa mti, wewe umeleta magari.

Kata_Mzizi: Afadhali wewe umenyimwa. Mimi nilipewa kozi ya siku tatu, nikasainishwa kukaa miaka miwili, nikiondoka nalipa gharama zote. Mwalimu mwenyewe siku ya pili hakutokea!

Kobe_Mstaafu: Ulisaini bila kusoma?

Kata_Mzizi: Nilisoma. Kozi yenyewe ilikuwa ya kusoma mikataba.

Jina_Limejaa: Nyie mnalilia kozi, mimi niliyemrithi kaondoka na kiti. Wiki ya tatu hii nakalia boksi la karatasi za printa.

Bi_Mkali: Boksi tupu au lenye karatasi?

Jina_Limejaa: Lilikuwa nazo. Wanachomoa kidogo kidogo, kila siku nashuka.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mti.

Kobe_Mstaafu: Subiri kwanza. Jina_Limejaa, leo umefika wapi?

Jina_Limejaa: Kidevu kipo mezani.